Mjumbe wa kamati ya Bunge na mradi wa daraja: jinsi ya kuusimamia hatua kwa hatua

Bunge halijengi daraja. Halichagui unene wa nondo wala halimwagi zege, na mjumbe anayejifanya mhandisi mbele ya wahandisi huchekwa kikao kikiisha. Kinachobaki mikononi mwa kamati ni kujua nini kimebadilika tangu siku fedha zilipopitishwa, nani aliridhia, na kama hesabu zilirudiwa. Hicho kinatosha. Miradi mingi ya madaraja iliyoharibika, iwe kwa gharama au kwa kuanguka, ukiifuatilia nyuma unakuta badiliko ambalo kila mtu alidhani mwenzake amelipigia hesabu.

Daraja la Quebec, Kanada, ni mfano wa zamani lakini haujachakaa. Mwaka 1900 sehemu yake ya katikati iliongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, yaani kutoka mita 488 hivi hadi 549. Uzito wa chuma haukukokotolewa upya ipasavyo. Ilipogundulika kwamba daraja ni zito kuliko makadirio, kazi ilikuwa imefika mbali, na mhandisi mshauri Theodore Cooper, aliyekuwa akiufuatilia mradi kutoka New York, aliamua uendelee. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja liliporomoka na kuua wafanyakazi 75.

Kwa hiyo usishangae ukiona hatua nyingi hapa chini zinarudi kwenye mabadiliko.

Hatua ya kwanza: jua mnaruhusiwa nini

Soma kanuni za Bunge lenu kabla ya kumwita mtu yeyote. Tafuta mambo matatu: kama kamati inaweza kutoa hati ya wito, kama inaweza kumwapisha shahidi, na kama inaweza kuajiri mtaalamu wake kwa muda. Hilo la tatu husahaulika, na pengine ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mhandisi mmoja wa madaraja asiye na maslahi katika mradi, akilipwa na Bunge kwa siku chache za kusoma nyaraka, ana manufaa kuliko ziara kumi.

Elewaneni pia na kamati ya hesabu za serikali nani anashika nini. Kamati ya kisekta inafuatilia mradi ukiwa unaendelea. Kamati ya hesabu inaingia na ripoti ya mkaguzi mkuu, mara nyingi fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Mkiingiliana bila mpango, wizara itajibu huku jambo moja na kule jambo jingine, na hakuna atakayegundua.

Mpaka mmoja usivukwe hata kidogo: msitoe maagizo kwa mkandarasi. Katika mikataba ya ujenzi mkandarasi hupokea maelekezo kutoka kwa mhandisi msimamizi wa mradi. Mjumbe akisimama kwenye eneo la ujenzi na kusema "nguzo hii isogezwe kule", amempa mkandarasi mwanya wa kudai nyongeza ya fedha na muda. Mnayeongea naye ni wizara au wakala anayemiliki mradi.

Hatua ya pili: tengeneza karatasi moja ya mwanzo

Ombeni nyaraka kwa barua yenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Mnahitaji upembuzi yakinifu, ripoti ya usanifu wa kina, ripoti ya uchunguzi wa udongo na ya mwenendo wa maji, mkataba wa mkandarasi pamoja na viambatisho vyake, mkataba wa mhandisi mshauri, jedwali la kazi na bei, ratiba ya kazi iliyokubaliwa, na makubaliano ya mkopo kama fedha ni za kukopa. Mkiambiwa mkataba ni siri ya biashara, msibishane hadharani. Ombeni kuusoma katika kikao cha faragha, na kukubaliwa au kukataliwa kwenu kuandikwe kwenye kumbukumbu.

Kisha katibu wa kamati atoe humo karatasi moja tu. Iandikwe bei ya mkataba siku ya kusainiwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, urefu wa daraja, idadi ya nguzo na kina cha misingi yake, idadi ya njia za magari, uzito wa magari unaoruhusiwa, na kiwango cha mafuriko kilichotumika katika usanifu. Hii ndiyo rula yenu. Kila taarifa itakayoletwa baadaye ilinganishwe nayo, kamwe isilinganishwe na "taarifa iliyopita". Wizara hupenda kulinganisha na robo mwaka iliyopita kwa sababu hapo ongezeko huonekana dogo.

Daraja la San Francisco–Oakland Bay, upande wa mashariki, linaonyesha kwa nini. Sehemu ya daraja la zamani iliporomoka katika tetemeko la ardhi la Oktoba 1989. Mwaka 1997 Bunge la jimbo la California lilielezwa kwamba kujenga upya upande huo kungegharimu takriban dola bilioni 1.3. Daraja jipya lilipofunguliwa Septemba 2013, gharama ilikuwa imefika dola bilioni 6.4 hivi. Mwaka 2005 ndipo sheria ilipounda kamati maalumu ya usimamizi yenye wakuu wa taasisi tatu husika, pamoja na wajibu wa kulipelekea Bunge taarifa kila robo mwaka. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila ulikuja miaka minane baada ya makadirio ya kwanza.

Hatua ya tatu: uliza kuhusu chini kabla ya juu

Kabla ya mkandarasi kuingia kazini, maswali yenye thamani yanahusu udongo, maji na ardhi.

Udongo: je, vilitobolewa visima vya uchunguzi katika eneo la kila nguzo, au vichache tu na kwingine kukabuniwa? Msingi ukikutana na mwamba mahali pasipotarajiwa, au ukaukosa ulipotarajiwa, gharama hupanda na mkandarasi huwa na haki ya kudai. Kuokoa fedha kwenye uchunguzi wa udongo ni kukopa kwa riba kubwa.

Maji: mto hula udongo kuzunguka nguzo, hasa wakati wa mafuriko. Daraja la Schoharie Creek katika jimbo la New York liliporomoka tarehe 5 Aprili 1987 na watu 10 wakafa kwa sababu hiyo. Muulizeni msanifu mto utachimba kina gani kwenye kila nguzo katika mafuriko makubwa, na msingi unakwenda chini ya hapo kwa kiasi gani. Majibu mawili ya namba, basi.

Ardhi: wangapi watapisha mradi, wangapi wamelipwa fidia, nani anahamisha mabomba na nyaya. Hapa hapahitaji utaalamu wowote. Mkandarasi akifika na kukuta watu hawajalipwa, siku anazokaa bure zinalipwa na serikali.

Hatua ya nne: daini rejista ya mabadiliko kila mwezi

Hapa ndipo kamati itumie muda wake mwingi. Kila mradi una mabadiliko, na mengi ni ya haki: msingi umekutana na hali tofauti, barabara ya maingilio imehamishwa, taa zimeongezwa. Tatizo ni badiliko lisilo na hesabu nyuma yake, au lenye hesabu ya fedha pekee.

Rejista iwe na namba ya badiliko, tarehe, maelezo ya sentensi mbili, nani aliomba, nani aliidhinisha, gharama, siku zilizoongezwa, na safu moja ambayo wizara itapinga kuiweka: "Je, msanifu amekokotoa upya uimara? Tarehe ya hesabu? Nani amezihakiki?" Shikilieni safu hiyo. Badiliko linalogusa uzito, urefu, nguzo, chuma au mpangilio wa kazi lisipite likiwa na safu hiyo tupu.

Neno "mpangilio" limewekwa hapo kwa makusudi. Daraja linapojengwa hupitia hatua ambazo hubeba uzito kwa namna tofauti na litakavyobeba likikamilika. Daraja la waenda kwa miguu lililokuwa likijengwa katika chuo kikuu cha Florida International, Miami, lilianguka tarehe 15 Machi 2018 na kuua watu 6. Nyufa zilikuwa zimeonekana na kupigwa picha, na asubuhi ya siku hiyo hiyo wahusika walikaa kikao kuzijadili. Barabara iliyopita chini haikufungwa. Wachunguzi wa serikali kuu waligundua makosa katika hesabu za usanifu, na kwamba uhakiki wa mtaalamu wa pili, ambao ulitakiwa kuyanasa, haukulipima daraja katika hatua zake za ujenzi. Mhakiki akiletwa mbele yenu kama ushahidi kwamba "usanifu umethibitishwa", muulizeni alihakiki hatua zipi.

Kuna pia badiliko ambalo haliitwi badiliko: "marekebisho madogo ya eneo la ujenzi". Mwaka 1970, kwenye daraja la West Gate mjini Melbourne, Australia, nusu mbili za kipande kimoja cha chuma zilitofautiana kimo kwa sentimita 11.4. Ili kuzilinganisha, yakawekwa juu matofali kumi ya zege, kila moja tani 8. Chuma kikapinda. Katika kukinyoosha wakaanza kufungua bolti, na tarehe 15 Oktoba kipande hicho kilianguka na kuua wafanyakazi 35. Hakuna rejista ya fedha ambayo ingeonyesha matofali yale. Ndiyo maana ombeni pia rejista ya kasoro ya mhandisi msimamizi, ile inayoandikwa kila kazi isipolingana na michoro. Rejista tupu kwenye mradi mkubwa ni ishara mbaya, maana hakuna daraja linalojengwa miezi mingi bila kasoro hata moja.

Kwa upande wa fedha, angalieni vitu viwili. Cha kwanza ni mabadiliko yaliyokatwakatwa ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachohitaji idhini ya juu. Jumlisheni yote tangu mwanzo na mwandike asilimia ya bei ya mkataba. Cha pili ni kazi zilizoondolewa. Watu hufuatilia nyongeza na kusahau kilichotolewa: ngazi za wakaguzi, mifereji ya maji, ulinzi wa kingo za mto. Bei inabaki ile ile, kila mtu anafurahi, na daraja limepungua.

Hatua ya tano: linganisha asilimia tatu

Kwenye kila taarifa ya mwezi tafuteni muda uliotumika, kazi iliyofanyika na fedha zilizolipwa, zote kwa asilimia. Tuseme muda umefika asilimia 60, fedha asilimia 55 na kazi asilimia 38. Hapo kuna maswali. Sehemu ya pengo inaweza kuwa malipo ya awali, ambayo mkandarasi hupewa mwanzoni na kukatwa kidogo kidogo. Sehemu nyingine inaweza kuwa vifaa vilivyonunuliwa na bado havijafungwa. Ombeni mchanganuo wa pengo hilo kwa maandishi, na muulize kama dhamana ya malipo ya awali, yaani ahadi ya benki kuyarudisha mkandarasi akishindwa, bado ni hai na inaisha lini. Dhamana iliyoisha muda kimyakimya ni karatasi tu.

Halafu geuzeni swali kwa serikali yenyewe. Mikataba mingi ya kimataifa hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika toleo la mwaka 1999 la ujenzi, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo baada ya kupokea madai, na mwenye mradi anatakiwa alipe ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipopokea madai hayo. Akichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Wizara nyingi hulalamika kwamba mkandarasi ni mzembe huku hazina ikiwa na hati za miezi kadhaa zisizolipwa. Orodha ya hati zote, tarehe ya kuwasilishwa na tarehe ya kulipwa, itawaambia nani kamchelewesha nani. Mkigundua riba imelipwa kwa sababu fedha zilizopitishwa na Bunge hazikutolewa kwa wakati, hilo ni suala lenu na hazina, na msimlaumu mkandarasi.

Hatua ya sita: ubora, kwa ufupi

Zege hupimwa kwa kuvunja sampuli, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28. Ombeni matokeo yote ya siku ya 28, yakiwemo yaliyofeli, na maelezo ya kilichofanyika pale palipofeli. Ulizeni maabara inalipwa na nani. Kwa chuma ombeni vyeti vya kiwandani na vipimo vilivyorudiwa baada ya kufika.

Kipimo kimoja hakitoshi kwa kila kitu. Kwenye lile daraja la Bay, Machi 2013, fimbo 32 kati ya 96 za chuma kigumu zilikatika muda mfupi baada ya kukazwa. Haidrojeni ilikuwa imeingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Miezi sita kabla ya ufunguzi, kazi ikaanza ya kutafuta fimbo nyingine za aina hiyo zilikofungwa. Swali la kamati katika hali kama hiyo ni moja: zipo ngapi, wapi, na nani aliidhinisha aina hii ya chuma?

Hatua ya saba: ziara

Ziara ina nafasi yake, ila ni ndogo kuliko wajumbe wengi wanavyopenda. Daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, kaunti ya Busia, Kenya, liliporomoka tarehe 26 Juni 2017 likiwa bado linajengwa, wiki mbili hivi baada ya Rais wa nchi kulitembelea. Macho ya mgeni, hata awe mkubwa kiasi gani, hayaoni kilichomo ndani ya zege.

Mkienda, nendeni kwa usafiri wa Bunge na posho ya Bunge. Chakula cha mkandarasi kina gharama yake. Bebeni rejista ya mabadiliko na mchague vitu vitatu vya kuthibitisha kwa macho, kwa mfano nguzo iliyoripotiwa kukamilika mwezi uliopita. Piga picha kila safari kutoka sehemu ile ile. Ongea na fundi wa maabara na wasimamizi wa zamu, si meneja pekee. Ukiona ufa, usiupapase ukaanza kutoa nadharia. Uliza umeandikwa wapi na lini, na nani ameamua kwamba kazi iendelee. Asipokuwapo mwenye jibu hapo hapo, siku hiyo hiyo kamati imwandikie mwenye mradi kuuliza kama watu na magari wanaruhusiwa kupita chini.

Hatua ya nane: kikao cha kuhoji

Anzeni na wa chini. Mhandisi mkazi wa mshauri ahojiwe kwanza, kisha mkuu wa wakala, na waziri awe wa mwisho. Mkianza na waziri, wengine wote watarudia aliyoyasema.

Maswali yawe mafupi na yanayojibika kwa tarehe, namba au jina. Linganisha namna hizi mbili:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mhandisi atueleze ni kwa nini mradi huu unasuasua ilhali wananchi wanateseka?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, badiliko namba 14 limeongeza uzito wa sakafu ya daraja. Mhandisi, hesabu za nguzo zilirudiwa tarehe ngapi, na nani amezisaini?"

La kwanza litapata dakika kumi za hotuba. La pili litapata tarehe, au kimya, na vyote viwili vinaingia kwenye hansadi. Shahidi akisema "tutaleta baadaye", mwenyekiti ataje siku hapo hapo. Na msimkatize anayesema hajui. Mhandisi anayekiri mbele ya kamati kwamba hesabu fulani haijafanyika amewasaidia kuliko wote, na mkimtukana leo, kesho hakuna atakayekiri.

Hatua ya tisa: ripoti, ufunguzi na mwaka unaofuata

Ripoti isizidi kurasa zinazosomeka. Kila pendekezo liwe na mtekelezaji na tarehe. "Serikali iongeze kasi" halitekelezeki. "Wakala alete hesabu zilizohakikiwa za nguzo ya 5 kabla ya malipo yanayofuata" linatekelezeka, na katibu anaweza kulifuatilia.

Siku ya ufunguzi ikikaribia, shinikizo hupanda na mambo madogo huanza kuachwa. Hakikisheni kuna cheti cha makabidhiano na orodha ya kazi zilizobaki, ikiwa na thamani ya kila moja, pamoja na matokeo ya jaribio la kubebesha daraja mzigo kama mkataba ulilitaka. Ombeni pia michoro ya daraja kama lilivyojengwa kweli, ambayo mara nyingi hutofautiana na michoro ya zabuni. Wakaguzi wa miaka ijayo wataitegemea hiyo. Wakati huo huo ulizeni bajeti ya matengenezo iko kwenye fungu gani. Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967, na lilipoanguka tarehe 14 Agosti 2018 liliua watu 43. Utepe ulikuwa umekatwa nusu karne kabla.

Baada ya makabidhiano huanza kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Chini ya masharti ya FIDIC niliyotaja, nusu ya fedha zilizozuiliwa kutoka kwenye malipo ya mkandarasi hurudishwa wakati wa makabidhiano na nusu nyingine baada ya kipindi hicho kuisha. Nusu hiyo ya mwisho ndiyo nguvu mliyobakiza. Katibu aandike tarehe ya kumalizika kwa matazamio kwenye kalenda ya kamati, na miezi miwili kabla yake aombe ukaguzi wa pamoja wa wakala na mhandisi mshauri, msimu wa mvua ukiwa umeshapita ili kingo na mifereji ionekane ilivyohimili. Kama uchaguzi utaingia katikati, faili lenye karatasi ile ya mwanzo, rejista ya mabadiliko na ahadi zote zenye tarehe likabidhiwe kwa kamati mpya kwa kusainiwa.